Kapteni Rudia

Abiria hana shukrani. Nimewahudumia watu angani tangu nina kiuno cha nyigu mpaka leo ninapopita kati ya viti kwa ubavu, na sijamwona hata mmoja aliyeshukuru kwa ajali ambayo haikutokea. Mmwagie tone la kahawa, atakukumbuka mwaka mzima. Mfikishe salama, atakanyaga wenzake mlangoni kama mtu aliyeachiwa kutoka rumande. Nalisema mapema ili asitokee wa kuniambia mbele ya safari kwamba nina kinyongo. Ninacho.

Ninayetaka kusimulia habari zake ni rubani, mwanamke, kapteni wa mistari minne begani. Mfupi, mkimya, mtu wa kufika kazini kabla ya wafagiaji. Kampuni nzima ilimwita Rudia, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa kwa sababu hakuna rubani aliyekatiza kutua mara nyingi kama yeye. Anakaribia uwanja, haridhiki na upepo, anaipandisha ndege, anazunguka, anarudia. Abiria wanaguna, mimi napita nikigawa tabasamu la kazini, na huko nyuma mtu lazima aseme, "Huyu dereva ni mwanafunzi?"

Uwanja wetu umekaa vibaya. Huku kilima, huku bonde, na msimu wa mvua mawingu hujikusanya juu yake kila alasiri kama wadai. Ndege inapotua huegemea upepo unaoikabili. Sasa wingu la radi likimwaga, upepo hushuka kwa kishindo na kusambaa pande zote, kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Anayeingia humo husukumwa juu kwanza, akadhani kapata bahati, akapunguza nguvu. Mara upepo unamgeukia nyuma na ndege inakosa cha kuegemea. Ni sawa na mtu kukuvutia kiti umeshaanza kukaa. Ukiwa juu sana, utaporomoka kidogo kisha utajikusanya. Ukiwa karibu na ardhi huna nafasi ya kujikusanya.

Ndiyo maana mle mbele kuna mashine ya kuonya. Ikipaza sauti, kanuni haina mjadala: nguvu zote, pua juu, magurudumu yaachwe yalivyo mpaka mtoke kwenye upepo huo, halafu mzunguke au mwende uwanja mwingine. Kwenye chumba cha zamu wamebandika bango kubwa: ALIYEKATIZA KUTUA HAULIZWI. Maneno matamu hayo, lakini anaulizwa. Anaulizwa mafuta yameenda wapi, anaulizwa kwa nini mwenzake katua, na asubuhi yake akifika kutundika kofia anakuta kuku wa kitambaa, mwekundu, ananing'inia kwenye ndoano yake. Kuku huyo hukaa hapo mpaka rubani mwingine arudie. Wengine walimpata mara moja kwa mwaka. Kwa kapteni wangu yule kuku alitaga na kuatamia.

Aliyemleta kuku ni kapteni mwingine tuliyemwita Mguso, kwa vile alivyoshusha ndege taratibu hata chai isicheze kikombeni. Mrefu, mcheshi, kila mtu kwake ni "wangu". Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Mashine ikimwonya husema, "Nimekusikia, mama," akaendelea kutua, na miaka yote hajawahi kudondosha hata kijiko. Bahati ya mtende kuota jangwani, ila yeye aliiita ujuzi.

"Kapteni, huudhiki?" nilimuuliza Rudia siku moja nikimwona anamshusha yule kuku na kumkalisha vizuri kitini.

"Kuku haumi, dada," akasema, akatundika kofia yake.

Nilimpenda sana. Alikuwa akiniita dada kwa kuwa nilimzidi umri, nami hadharani namwita Kapteni, tukiwa wawili mdogo wangu. Kwao nilikuwa nimefika mara kadhaa. Baba yake alikuwa dereva mstaafu wa malori ya mizigo, mzee mwenye mikono kama majembe, na hakukuwa na mgeni aliyevuka kizingiti bila kuonyeshwa picha ya binti akiwa na sare. "Chuma chote kile kinamsikiliza huyu," atasema. Mama yake ndiye aliyekuwa pilipili. Yeye alitaka binti awe muuguzi, aolewe jirani, apatikane. Anga kwake ilikuwa ya ndege wenye manyoya.

Mwaka huo moyo wa mzee ukaanza kugoma. Akipanda ngazi tatu anakaa. Madaktari wa kwao wakasema apelekwe hospitali kubwa ya mjini kwetu, apasuliwe haraka. Mama akataka waje kwa gari, polepole, wakipumzika njiani. Binti akakataa kwa kuwa barabara ile ingemuua. "Mje na ndege yangu," akasema. "Nitawaleta mwenyewe." Akaenda kumbembeleza karani wa ratiba mpaka akapangiwa safari hiyo, na gari la wagonjwa likaagizwa limsubiri mzee uwanjani.

Walipanda mchana, anga safi. Mzee alivaa koti lake la harusi za watu. Alipopita mlango wa marubani alisimama akatazama ndani zile saa na taa, akamwona binti yake kwenye kiti cha kushoto, akanigeukia mimi na kunifinya mkono kwa furaha kama vile mimi ndiye niliyemzaa. Mama alipita bila kutazama. Alikuwa anasali.

Tulipokaribia, mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya uwanja. Nimezoea mitikisiko, lakini ile ilinigongesha meno. Tukashuka, tukashuka, nikaanza kuona mabati ya nyumba, mara injini zikanguruma na pua ikainuka. Karudia. Abiria wakaguna kama kawaida yao. Ndege ilipotulia juu kidogo, mama akapiga kelele.

Mzee alikuwa ameshika kifua, jasho limemlowesha ukosi. Nikamfungulia vifungo, nikamwekea barakoa ya oksijeni. Nikamuuliza, "Mzee, unanisikia?" Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, lakini sauti haikutoka, na tangu hapo haikutoka tena. Kati ya abiria akajitokeza mkunga mstaafu, akampima mshipa, akaniangalia. Tulielewana.

Nikapiga simu ya ndani. "Kapteni, baba kazidiwa."

"Anapumua?"

"Anapumua. Mkunga yuko hapa, anasema hospitali, sasa hivi."

"Chini kuna gari linamsubiri," akasema, kama mtu anayejikumbusha. Kisha akasema, "Nitajaribu mara moja. Fungeni mikanda."

Nilimhamisha mama akae kiti cha ng'ambo ya pili, dirishani, nikamfunga mkanda kwa mkono wangu. Kiti changu cha mlangoni nilimwachia mhudumu mwenzangu, mimi nikakaa ubavuni kwa mzee, mkono mmoja barakoani. Mama akanirushia swali kwa sauti kubwa: "Mbona ile inashuka?" Nikachungulia. Kwenye upenyo wa mawingu, chini yetu, ndege ya kampuni yetu ilikuwa inateremka nyeupe pee kuelekea uwanjani.

"Ile ni nyingine, mama," nikamwambia.

"Kwa hiyo kunashukika."

Aliyekuwa kwenye ile ndege ni Mguso. Alitua, akasema redioni ili wote wasikie: "Inatikisa kidogo tu. Panatulika, wangu."

Sasa yaliyotokea mle mbele nilisimuliwa na rubani msaidizi, jamaa mnene tuliyemwita Mjomba, mkubwa kwa umri kuliko kapteni wake na aliyekwishakosa ukapteni mara mbili. Anasema mnara uliwaambia upepo umetulia. Taa za uwanja zilionekana kabisa, safu mbili ndani ya mvua. Kapteni alikuwa ameamua kutua, na Mjomba anaapa kwamba hajamwona akitaka kitu maishani kama alivyoutaka uwanja ule. Walipokaribia bonde, mshale wa mwendo ukapanda wenyewe, bila mtu kuongeza chochote. Rubani mzoefu huiogopa zawadi hiyo. Ukakaa kidogo, kisha ukaanguka, na mashine ikapaza sauti.

"Kapteni, panatulika," Mjomba akasema. "Mwenzio katua sasa hivi. Baba'ko yuko nyuma!"

Lakini mkono wa kapteni ulishasukuma nguvu zote mpaka mwisho. "Nyuma kuna watu themanini na mmoja," akasema. "Magurudumu usiyaguse."

Mjomba anasema ndege iliendelea kuzama huku injini zinalia, mpaka akaona nyasi za bondeni zimelala chini kwa upepo, ndipo ikashika na kuanza kupanda. Anasema machozi yalimtiririka kapteni hadi kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Huku nyuma sisi tuliposikia injini, mzee alifumbua macho. Alikuwa dereva, mngurumo wa chuma kinachokataa kushuka aliuelewa. Nilikuwa nimeinamisha sikio mpaka kwenye barakoa yake, nasikiliza pumzi. Alinibana vidole, akatazama dari, akafumba macho. Hakusema kitu. Tuliibuka juu ya mawingu kwenye jua kali, tukaelekea uwanja mdogo wa mji mwingine, na katikati ya njia ile pumzi niliyokuwa naisikiliza ikaacha kuja. Mkunga akamshika mshipa shingoni, akaurudisha mkono wake mapajani.

Simu ya ndani ikalia. "Dada, baba vipi?"

Rubani haambiwi msiba akiwa na watu themanini mikononi. "Mkunga yuko naye," nikasema. Ulikuwa ukweli, na ningejibu hivyo hivyo leo pia. Wakati huo huo bwana mmoja mwenye suti alinivuta mkono wa sare kuniuliza hoteli yake atalipa nani. Nilimtazama kiasi cha yeye mwenyewe kuachia nguo yangu.

Magurudumu yalipogusa mji ule mdogo na injini zikazimwa, kapteni alitoka mbio na kofia mkononi. Mama yake alikuwa amesimama kwenye ujia kamzibia njia. Hakulia. Alimwambia, "Mwenzio alishuka," akasogea pembeni ampishe akatazame.

Msibani niliona mambo. Kaka yake, fundi wa matangi ya maji, mtu asiye na maneno tangu utotoni, siku hiyo alipata la kusema. Binti aliposhika upande wa jeneza, kaka akamtoa mkono mbele ya watu wote: "Aliyemchelewesha hambebi." Hakuna mtu mzima aliyemkemea. Wanawake jikoni walinong'ona, tena bila kujali kwamba nipo, kwamba binti kasomeshwa kwa jasho la mzee, akashindwa kumshusha mahali ambapo mwanamume alishuka. Kati ya abiria wote wale hakuja hata mmoja kuzika. Wengi wao nadhani walikuwa bado wanaandika malalamiko yao.

Kampuni nayo, ambayo haimuulizi mtu, ilimsimamisha kazi kwa uchunguzi. Ndege ina vyombo vinavyokumbuka kila kitu: mwendo, upepo, kimo. Wakavisoma. Mkuu wa usalama, mtu mkavu asiyejua kupamba, akamwita ofisini akamwambia kwamba upepo alioingia Mguso na ule alioingia yeye haukuwa upepo mmoja. Ulikuwa umezidi mara dufu katika muda wa kuzunguka tu. Angeendelea kushuka, wangepiga bondeni kabla ya kufika uwanjani, na asingepona mtu. Alifanya kilichotakiwa, tena sawasawa.

Alinipigia simu analia na kucheka. "Dada, nisindikize kwa mama. Nataka nimwambie mwenyewe."

Sikupenda safari ile. Lakini alikuwa ameing'ang'ania ile habari kama mtoto aliyepata alama nzuri, ningemwambia nini?

Mama alikuwa sebuleni anachambua maharage kwenye ungo. Viatu vya mzee bado vilikuwa mlangoni, vimepigwa rangi. Tulimwamkia, tukakaa. Binti akaeleza kila kitu, taratibu, kwa mikono, upepo ulivyoshuka, ulivyogeuka. Mama aliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo hukukosea," akasema mwishoni.

"Sikukosea, mama. Tungekufa sote."

"Yule mwingine alishuka."

"Alitua kabla upepo haujazidi. Ningejaribu mimi—"

"Alishuka." Mama akatupa kokoto nje ya dirisha. "Baba yako alisema neno. Nilikuwa nimeamua nitazikwa nalo. Lakini kwa kuwa umeniletea haki yako mpaka nyumbani kwangu, na hilo lichukue. Injini zilipolia vile, alisema, 'Ameogopa.' Basi. Akafumba macho."

Binti hakutikisika. Alikaa vile vile, mikono hewani, imebaki mahali ilipokuwa inaonyesha upepo.

Mimi nilisimama. "Mama, hapana. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Sikio langu lilikuwa mdomoni kwake. Mzee hakusema kitu."

"Wewe ulimjua kwa ziara mbili tatu. Mimi nimelala naye miaka arobaini. Midomo yake naisoma."

"Alikuwa na barakoa, mama! Na wewe ulikuwa ng'ambo, dirishani!"

Akanitazama. Nimeona macho ya watu wengi waliobanwa, wa tiketi bandia, wa vitoto vilivyozidi umri wa kupakatwa bure, nayajua. Mama yule alijua kwamba najua. Akainamia ungo wake akaendelea na maharage, na mimi nikaelewa kwamba amempoteza mume na hana mahali pengine pa kuutua mzigo ule. Nilielewa, na bado nilitaka kumrushia ungo usoni.

Garini nilirudia yote. Nikaapa. Kapteni aliendesha bila kupepesa.

"Asante, dada," akasema. "Usijisumbue."

"Nakwambia kweli tupu, mdogo wangu. Mama anakudanganya."

"Siku ile nilikuuliza baba vipi, ukaniambia mkunga yuko naye." Hakusema kwa hasira. "Una huruma. Najua. Lakini mama gani anaweza kumtungia mwanawe kitu kama hicho?"

Wako, nilitaka kusema. Niliongea mpaka tukafika kwangu, na kila nilichosema kilizidi kufanana na huruma.

Alirudishwa kazini msimu wa mvua haujaisha. Siku ya wingu la kwanza nilikuwa naye. Kiti changu cha mlangoni kimepakana na chumba cha marubani, na onyo la ile mashine hupenya mlango. Tulikuwa tunashuka kutokea bondeni, nikaisikia ikipaza sauti. Nikakaza misuli, nikasubiri injini zingurume.

Hazikunguruma. Mashine ikasema tena, na tena. Mjomba akapiga kelele, maneno sikuyashika. Kiti kikaniacha, kwa maana halisi, nikabaki ninashikiliwa na mkanda tu. Nikaona uso wa mhudumu mwenzangu umekuwa wa majivu. Halafu tukapiga chini. Tulipiga vibaya, makabati ya juu yakafunguka, mabegi yakamwagikia watu, ndege ikadunda, ikapiga tena, ikaserereka kwenye maji mpaka ikasimama imeukaribia uzio.

Abiria wakapiga makofi. Nyie! Walipiga makofi, wengine wamesimama, mwanamke mmoja anapiga vigelegele na damu inamtoka kwenye paji la uso. "Huyu ndiye rubani!" wakasema. "Wengine wangezunguka!" Walipokuwa wanatoka walimshika mkono mmoja mmoja, naye amesimama mlangoni, amenyooka, anaitikia. Mjomba alikuwa chooni anatapika. Mguso alikuja mpaka chini ya ngazi akamkumbatia. "Sasa umekuwa wetu, wangu," akasema.

Vyombo vinavyokumbuka kila kitu havikusomwa safari hiyo. Vya nini, wakati ndege imefika kwa wakati?

Walipoondoka wote nikamzuia kwenye ujia. "Uliisikia mashine?"

"Niliisikia."

"Kwa nini hukupanda?"

"Nimetua, dada," akasema. "Si nimetua?" Akaniomba nimpishe.

Tangu siku hiyo anatua. Mvua, ngurumo, mashine ipige isipige, anatua, na kampuni imemwandikia barua ya pongezi kwa kuokoa mafuta. Juzi nilikwenda kwa karani wa ratiba nikamwomba asinipange naye tena. Akashangaa, akasema mbona mlikuwa chanda na pete, tena wenzako wanagombania safari zake. Nikamwambia anipange na yeyote, hata na Mguso. Mguso anatua kwa sababu anaamini atafika. Huyu wangu anatua ili kumwonyesha marehemu kwamba hakuogopa, na marehemu hakusema kitu.